Mashine tatu kwa fungu moja la fedha: mkerezaji anayeanza anunue ipi?

Mnunuzi wa kisa hiki anatafuta mashine ya kukereza, ile inayozungusha mbao huku patasi ikiichonga, ili atengeneze vitu viwili. Kwanza ni mabakuli ya mbao yenye kipenyo cha hadi milimita 250, mengi yakitokana na magogo mabichi anayoyapata bure miti inapoangushwa. Pili ni miguu ya stuli yenye urefu wa milimita 430, ila si mara nyingi. Chumba chake ni mita 2 kwa 3, umeme ni wa fezi moja, na fedha alizotenga hazitaongezeka. Patasi za useremala wa kawaida anazo, lakini hizo hazina kazi hapa: ni fupi mno kuzuia nguvu ya mbao inayozunguka, na makali yake hayakunolewa kwa ukataji wa aina hii.

Fedha zake zote tuziite sehemu 100, ili hesabu ifuatike bila kujali bei za mahali popote. Ameziona mashine tatu.

Mashine A ni mpya, ndefu na nyepesi. Kitanda chake, yaani uti mrefu unaobeba kila kitu, ni bomba la chuma; vichwa vyake, cha mbele kinachozungusha mbao na cha nyuma kinachoishikilia, ni bati nene lililokunjwa, na tangazo linasema inabeba mbao ya kipenyo cha milimita 350 na urefu wa mita moja. Ina kasi 4: mizunguko 850, 1,250, 1,750 na 2,510 kwa dakika. Uzito wake ni kilo 30. Ndani ya boksi mna patasi 6. Bei ni sehemu 45.

Mashine B ni mpya pia, fupi, ya kufungwa juu ya meza. Kitanda na vichwa vyote viwili ni chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Mbao ya kipenyo cha milimita 254 inapita juu ya kitanda, na nafasi kati ya ncha mbili zinazobana mbao ni milimita 457. Mota ni ya wati 370, na kasi hubadilishwa kwa kuhamisha mkanda kwenye puli: 500, 1,000, 1,600, 2,400 na 3,200. Uzito ni kilo 38. Haiji na patasi hata moja. Bei ni sehemu 50.

Mashine C ni ya mtumba. Ni kongwe, chuma cha kusubu kuanzia juu mpaka miguuni, kilo 160, kipenyo milimita 300, urefu milimita 900, kasi ya chini kabisa 425. Mota yake ni ya fezi tatu. Haina sahani ya kufungia mbao, na spindo, mhimili unaoizungusha mbao, inanguruma inapozungushwa kwa mkono. Muuzaji anaitoa kwa sehemu 35.

Akisoma matangazo tu, A inaonekana kuwa ndiyo ya kuchukua. Ni kubwa kuliko B, ni rahisi kuliko B, na patasi zimo. Wanaoanza wengi huishia hapo.

Kasi ya chini ndiyo inayosema ukubwa wa kweli

Wakerezaji wana kanuni ya zamani ya kukadiria kasi. Chukua kipenyo cha mbao kwa milimita, zidisha kwa mizunguko ya dakika moja. Jibu likae kati ya 150,000 na 225,000. Mbao iliyokwisha kuwa duara inaweza kufika upande wa juu. Bonge bichi, lenye gome upande mmoja na pembe za msumeno upande mwingine, halipaswi kuvuka upande wa chini, na mara nyingi lianze chini zaidi ya hapo.

Sasa igeuze kanuni hiyo. Gawa 150,000 kwa kasi ya chini kabisa ya mashine, upate bonge kubwa zaidi unaloweza kuliwasha bila kuihatarisha sura yako. Kwa mashine A ni 150,000 kwa 850, yaani milimita 176. Hata ukichukua upande wa juu wa kanuni, unapata milimita 265, na hapo mbao iwe tayari imezungushwa vizuri. Ile milimita 350 ya kwenye tangazo ni nafasi tu: mbao inapita bila kugonga kitanda, lakini mashine haina kasi ya kuikereza. Kwa mashine B, 150,000 kwa 500 ni milimita 300, zaidi ya milimita 254 zinazopita juu ya kitanda chake. Hapo nafasi na kasi vinapatana. Mashine C inafika milimita 353.

Kwa hiyo kwa bakuli linalotoka kwenye gogo, mashine B ni kubwa kuliko A. Ndilo jambo la kwanza la kumwambia mnunuzi huyu.

Hili si suala la tahadhari ya kwenye karatasi. Nguvu ya kuyumba hupanda kwa mraba wa kasi. Tuseme bonge la milimita 250 lina gramu 100 za ziada upande mmoja, umbali wa milimita 100 kutoka katikati, jambo la kawaida sana kwa mbao iliyochongwa kwa msumeno. Kwa mizunguko 500, upande huo unavuta spindo kwa nyutoni 27, karibu sawa na uzito wa kilo 3. Kwa 850 unavuta kwa nyutoni 79, sawa na kilo 8, na unavuta hivyo mara 14 kila sekunde, kila mara kuelekea upande tofauti. Mashine ya kilo 30 yenye kitanda cha bomba haiwezi kuumeza mtikisiko huo. Inaanza kutembea juu ya meza, mbao inalegea kwenye skrubu, na mkerezaji anajikuta akishika mashine kwa mkono mmoja na patasi kwa mwingine. Hapo ndipo watu huumia.

Kwa miguu ya stuli pekee, A ingefaa. Mguu wenye unene wa milimita 45 unaomba kasi ya 2,000 na zaidi, mzigo ni mdogo, na urefu wa mita moja ni neema. Mtu anayetaka miguu ya meza na nguzo za ngazi angeiangalia mashine hiyo kwa jicho jingine, ingawa bado angepaswa kujaza uzito chini yake na kukubali kwamba kichwa cha nyuma kitalegea kidogo kila anapokaza.

Mota ndogo, na kwa nini puli ina thamani

Wati 370 ni nusu ya nguvu ya farasi. Je, inatosha kwa bakuli la milimita 250? Inatosha, mradi mkanda uwe kwenye puli sahihi. Mkanda ukiwa kwenye hatua ya 500, nguvu ya kuzungusha kwenye spindo ni karibu nyutoni-mita 7. Ukingoni mwa bakuli hilo, milimita 125 kutoka katikati, hiyo ni nyutoni 56 za kusukuma mbao dhidi ya patasi. Kwa maranda membamba yanayotoka kwa patasi kali, hiyo ni nguvu ya kutosha. Kwa patasi butu inayosukumwa kwa mabavu, mkanda utateleza. Usiukaze zaidi ili usiteleze: kuteleza huko kunaokoa beringi, mbao na vidole vyako.

Kuna toleo la mashine B lenye kidhibiti cha kielektroniki, ambapo kasi hubadilika kwa kuzungusha kitufe, na bei yake inapanda kwa takriban sehemu 12. Ni raha kutumia, na kwa bonge lisilo na mizani ni msaada halisi, kwa sababu unapandisha kasi polepole mpaka mtikisiko uanze kisha unashusha kidogo. Lakini kina mtego mmoja. Ukiuacha mkanda kwenye puli ya mwendo wa kasi ya 1,600 kisha ukaishusha kwa kitufe hadi 500, hupati zile nyutoni-mita 7. Unapata karibu 2.2 tu, kwa kuwa kitufe hupunguza mwendo bila kuongeza nguvu ya kuzungusha, ilhali puli hufanya yote mawili. Mashine nyingi za aina hii hulaumiwa kuwa dhaifu wakati tatizo ni mkanda uliowekwa mahali pasipofaa. Kwa mnunuzi wetu, sehemu 12 hizo ndizo bei ya grenda ya kunolea. Anunue grenda.

Hesi na mchongoko: vitu viwili vya kupima dukani

Kila kifaa utakachonunua baadaye kitafungwa kwenye spindo kwa njia mojawapo ya mbili: hesi za nje, yaani mizunguko ya skrubu, au tundu la ndani lenye mchongoko wa Morse, yaani linalopungua upana kuelekea ndani kwa kipimo maalumu. Mashine ikiwa na vipimo vya kawaida, utapata chaki (kifaa chenye taya cha kushikia mbao), sahani na ncha kutoka kwa watengenezaji wengi. Ikiwa na vipimo vya kwake peke yake, umefungwa naye.

Mashine B ina hesi za inchi 1 zenye mizunguko 8 kwa kila inchi, na mchongoko wa Morse namba 2. Hivyo ndivyo vipimo vinavyopatikana kwa wingi kwenye mashine ndogo. Kwenye mashine kubwa zaidi utakutana na inchi 1 na robo yenye mizunguko 8, au M33, yaani kipenyo cha milimita 33, yenye hatua ya milimita 3.5 kati ya kilele na kilele. Mashine A ina M18 na mchongoko namba 1. Chaki za kufaa M18 zipo, lakini spindo nyembamba hivyo hupinda kidogo inapobeba bonge zito mbali na beringi, na mchongoko namba 1 hauna mshiko mkubwa unapotoboa.

Kupima ni rahisi, na kunahitaji kalipa tu, kipimio cha taya mbili. Mdomo wa tundu la Morse namba 1 ni karibu milimita 12. Wa namba 2 ni karibu 18. Kwa hesi, pima kipenyo cha nje kisha hesabu vilele ndani ya milimita 25.4. Usikisie. Inchi 1 ni milimita 25.4 na M24 ni milimita 24. Kwa jicho hutaona tofauti. Pia kuna spindo za inchi 1 zenye mizunguko 10 au 12 kwa inchi. Kipenyo ni kile kile, ila chaki ya mizunguko 8 itaingia nusu zamu na kukwama. Mtu akiilazimisha anaharibu spindo.

Mashine C ina spindo ya milimita 28 kwa hesi ambazo hazilingani na chaki yoyote ya dukani. Si kasoro isiyotibika: fundi wa chuma anaweza kuchonga kipande cha kuunganisha. Lakini kipande hicho huisogeza chaki mbele kwa milimita 25 au 30, na kila milimita inayosogea mbele ya beringi inaongeza mtikisiko. Kikichongwa bila kunyooka kwa hata sehemu ya kumi ya milimita, kila bakuli litakalofungwa tena baada ya kukauka litayumba.

Kwa nini mashine bora kuliko zote haikuchaguliwa

Tuseme wazi: kama chuma, C ndiyo bora. Kilo 160 humeza mtikisiko ambao B itausikia mpaka kwenye bolti. Anayependa kazi hii huumia akiiacha mashine kama hiyo. Basi tuiandikie hesabu yake kwa haki.

Umeme wa fezi tatu si kizuizi. Soma kibandiko cha mota. Kikiandikwa 230/400 V, mota inaweza kuunganishwa kwa pembetatu na kuendeshwa na inveta inayopokea fezi moja ya volti 230 na kutoa fezi tatu za volti 230. Zaidi ya hapo utapata kasi inayobadilika kwa kitufe. Kikiandikwa 400/690 V, inveta ya kawaida ya fezi moja haitoshi, na mota italazimika kubadilishwa. Mota ya C ni 230/400, kwa hiyo inveta inafaa. Kazi ya kuunganisha ni ya fundi umeme, na hata yeye asubiri dakika chache baada ya kuzima kabla ya kufungua, maana kapasita za inveta hubaki na chaji.

Kunguruma kwa spindo ni beringi. Namba huwa imepigwa pembeni mwa beringi yenyewe, kama vile 6206, na zinapatikana kwa urahisi. Ila kuzitoa kwenye kichwa cha zamani kunahitaji kivutio, na anayezigonga kwa nyundo anaweza kuipinda spindo.

Jumla inakwenda hivi: mashine sehemu 35, inveta 14, beringi 3, kipande cha kuunganisha na sahani 8, usafiri wa kilo 160 sehemu 5. Ni 65. Zinabaki 35. Chaki inachukua 15 na patasi 14. Zinasalia 6, na grenda ya kunolea bado haijanunuliwa, wala kishikio chake, wala ngao ya uso. Mkerezaji angekuwa na mashine nzuri na patasi zinazokufa makali baada ya dakika 20, bila njia ya kuyarudisha.

Hapo ndipo C ilipoanguka. Kama mnunuzi angekuwa na grenda nzuri tayari, au kama muuzaji angetoa sahani ya asili na beringi zingekuwa kimya, uamuzi wetu ungegeuka. Beringi na sahani pamoja na kipande cha kuunganisha ni sehemu 11, na kwenye fungu dogo hizo ni nyingi.

Sehemu 50 zilizobaki baada ya B

Hii ndiyo sehemu ya kisa ambayo mnunuzi hakuifikiria kabisa alipoanza. Alidhani fedha zote ni za mashine.

Chaki ya taya nne zinazofunga kwa pamoja: sehemu 15. Achague yenye kiungo cha hesi kinachobadilishwa, ili akihamia mashine yenye M33 miaka ijayo abadilishe kiungo tu. Taya za milimita 50 zinatosha kuanzia. Hushika vizuri zaidi zikiwa zimefunguka kidogo tu, pale zinapokaribia kuwa duara kamili.

Vifaa vya kukatia: sehemu 14. Vinne vinatosha kwa kazi yake. Bobari ya bakuli, patasi yenye mfereji, yenye mhimili wa milimita 12. Bobari ya kuparia ya milimita 20 kwa ajili ya kuzungusha miguu ya stuli. Patasi nyembamba ya kutenganishia, milimita 3. Kikwaruzo cha ncha duara cha milimita 25. Vyote viwe vya chuma cha kasi, kile kinachovumilia joto la grenda bila kulainika. Patasi 6 zilizo kwenye boksi la mashine A ni za chuma cha kaboni: ukizinoa kwa grenda na ukingo ukageuka bluu, ugumu umeondoka sehemu hiyo na makali hayatakaa. Zinaweza kutumika kwa uangalifu na maji pembeni, lakini kwa anayeanza zinafundisha vibaya, kwa sababu hajui kama kosa ni la mkono au la chuma.

Bobari ya kuparia haiingii ndani ya bakuli. Haiingii kamwe. Mkia wake unaoingia kwenye mpini ni mwembamba, na nyuzi za mbao kwenye bakuli hugeuka mara mbili kila mzunguko. Ikinasa, mkia unakatika na kipande kinaruka.

Grenda ya mezani ya milimita 200 yenye mwendo wa polepole, pamoja na kishikio cha kunolea kinachoshika pembe ile ile kila mara: sehemu 12. Jiwe liwe la alumini oksidi, chembe 60 au 80. Kishikio kina umuhimu kuliko jiwe. Anayenoa kwa mkono bila mazoea hutengeneza umbo jipya kila mara, anakula chuma, na bobari ya miaka mitano inaisha kwa mwaka.

Ngao ya kufunika uso mzima na barakoa ya vumbi laini: sehemu 4. Miwani haitoshi kwa mabakuli. Bonge likipasuka hulenga kidevu na paji, si macho tu. Zilizobaki, sehemu 5, ni za mbao za meza, bolti na mchanga.

Meza ilivyobadilisha mashine

Mashine B ilipowekwa kwanza juu ya meza nyepesi ya kawaida ilitikisika kwa bonge la milimita 220 hata kwa mizunguko 500. Mashine haikuwa na kasoro. Kilo 38 juu ya miguu myembamba ni kama uma wa muziki, ule wa chuma unaotetema ukigongwa.

Dawa ilikuwa meza ya mbao yenye kifuniko cha mbao mbili za milimita 45 zilizobandikwa kwa gundi, miguu iliyotanuka kuelekea chini kama miguu ya kuku, na sanduku chini lenye kilo 60 za mchanga mkavu. Mchanga unazidi mawe kwa sababu chembe zake husuguana na kula mtikisiko. Urefu ulipangwa hivi: mkerezaji amesimama wima, kiwiko kimekunjwa, na katikati ya spindo ifike usawa wa kiwiko. Chini ya hapo mgongo utauma kabla ya bakuli la kwanza kwisha.

Kabla ya kukaza bolti, weka ncha ya meno kwenye spindo na ncha inayozunguka kwenye kichwa cha nyuma, zisogeze mpaka zikaribie kugusana. Zinapaswa kukutana nukta kwa nukta. Kaza bolti, kisha angalia tena. Kama zimeachana, meza haijanyooka na bolti zimeupinda uti wa kitanda. Legeza, weka vipande vya bati jembamba chini ya mguu ulioning'inia, kaza tena. Kasoro hii huonekana baadaye kama tundu linalotoboka kwa kupinda, na watu hurudisha mashine nzima dukani kwa ajili yake.

Wiki za kwanza: yanayoharibika na sababu zake

Mbao kunyofoka kwenye chaki ndiyo ajali ya kawaida ya bakuli, na chanzo chake karibu kila mara ni ulimi, kile kishina kinachoachwa chini ya bakuli ili taya zikishike. Ulimi unaoshikwa na taya uwe na urefu wa milimita 6, kona yake ya ndani iwe kali na safi, na uso wake usiguse sakafu ya chaki. Ukiwa mrefu mno, unagonga chini kabla bega la mbao halijakaa juu ya taya, na bakuli linasimama kwenye ncha ndogo badala ya ukingo mpana. Kipenyo chake kikaribie theluthi moja ya kipenyo cha bakuli. Kwa bakuli la milimita 250 taya za milimita 50 ziko chini ya kiwango hicho, hivyo kichwa cha nyuma kibaki kimesukumwa mbele mpaka sehemu kubwa ya ndani itoke, na mikato iwe myepesi.

Kwa hatua ya kwanza, kabla ulimi haujakatwa, bonge linafungwa kwenye sahani iliyokuja na mashine kwa skrubu zisizopungua 6, zinazoingia milimita 25 ndani ya mbao nzima, si kwenye gome wala kwenye moyo wa gogo. Zile skrubu nyeusi za kufungia mbao za jasi hazifai. Ni ngumu lakini hukatika ghafla bila kupinda kwanza.

Patasi kunasa hutokana na umbali wa egemeo, chuma ambacho patasi hulalia inapokata. Egemeo likae milimita 5 au 6 kutoka kwenye mbao. Kadiri mbao inavyopungua, pengo linakua, na watu huona uvivu kusimamisha mashine kulisogeza. Pengo likifika milimita 25, nguvu inayogeuza patasi mkononi imeongezeka mara nne na zaidi. Kila egemeo linaposogezwa, zungusha mbao kwa mkono mzunguko mmoja kamili kabla ya kuwasha.

Ncha ya meno isigongwe ikiwa ndani ya spindo; pigo linapita moja kwa moja kwenye beringi. Itoe, igongee kwenye mbao kwa nyundo ya mbao, kisha uirudishe. Chaki inayokwama kwenye hesi hutibiwa kwa kuweka ringi nyembamba ya plastiki kati ya bega la spindo na chaki kabla ya kufunga. Na kama mashine ina mwendo wa kurudi nyuma, chaki isiyo na skrubu ya kufungia itajifungua yenyewe na kutoka ikiwa na bakuli.

Mbao mbichi ina mambo yake. Bakuli la milimita 250 likerezwe kwanza kwa ukuta wa milimita 25, sehemu ya kumi ya kipenyo, likaushwe miezi kadhaa likiwa limefunikwa maranda yake ndani ya mfuko wa karatasi, kisha lirudishwe kwenye mashine. Litakuwa limegeuka yai, na ulimi pia. Achukue hatua ya kuunyoosha ulimi kabla ya kulifunga tena. Maji ya mbao hiyo hurukia kitanda, na chuma cha kusubu hushika kutu usiku mmoja. Kitanda kifutwe na kupakwa nta kila jioni, mkanda ukirudishwa kwenye hatua ya 500 ili bonge la kesho lisiwashwe kwa kasi ya 2,400 iliyosahaulika.

Miguu ya stuli iliingia kwenye B kwa nafasi ya milimita 27 tu, ikishikwa kati ya ncha mbili. Kwa chaki isingeingia, maana chaki peke yake hula karibu milimita 100 za urefu. Siku atakapotaka mguu wa meza wa milimita 700, atahitaji kipande cha kurefusha kitanda, na kwa aina nyingi za mashine kama B kipande hicho hufungwa kwa bolti upande wa kichwa cha nyuma. Kabla ya kulipa, aulize kama mtengenezaji bado anakitoa, na kama anakitoa, aipime tena ile nukta kwa nukta baada ya kukifunga.